Ukinunua Duka Lenye Jina la Mwingine, Ujuzi Hulipiwa Kando

Mtu anayekusudia kununua biashara iliyokwisha simama huwa na mambo mengi ya kukagua. Hukagua rafu na majokofu, husoma mkataba wa kupanga nyumba, hupekua vitabu vya hesabu vya miaka mitatu iliyopita, na akiwa mwangalifu zaidi huketi pembeni kuanzia asubuhi hadi jioni akihesabu wateja wanaoingia na kutoka. Ni wachache mno wanaouliza ni nani atakayewafunza kazi hiyo, kwa muda gani, na kwa fedha za nani. Swali hilo huonekana la ziada pale ambapo biashara inakwenda vyema na wafanyakazi wake wanajua wanachofanya. Mimi nashikilia kwamba ni miongoni mwa maswali ya kwanza, na kwamba mnunuzi asipoliuliza kabla ya kutia sahihi, jibu lake litamjia baadaye kwa njia ya ankara.

Sizungumzii kila biashara. Nazungumzia zile zinazoendeshwa kwa jina la kukodi, mpango unaojulikana kama franchaizi. Mwenye jina humruhusu mtu mwingine, ambaye hapa nitamwita mwendeshaji, kulitumia jina hilo pamoja na utaratibu wote wa kazi. Mwendeshaji naye hulipa ada ya kuingia na mrabaha wa kila mwezi. Baada ya miaka kadhaa mwendeshaji huchoka, au huugua, au hutaka fedha zake, naye hutafuta mtu wa tatu wa kumwuzia. Huyo wa tatu ndiye ninayemwandikia leo. Walimu wengi wanaostaafu hupokea kiinua mgongo chao na papo hapo wakaanza kubishiwa hodi na watu wenye biashara za kuuza, na biashara yenye jina linalojulikana ndiyo huwavutia zaidi, kwa sababu jina lile huonekana kana kwamba limeshafanya nusu ya kazi.

Kosa huanzia katika fikra kwamba duka na ujuzi wa kuliendesha ni kitu kimoja. Katika biashara ya kawaida fikra hiyo haina madhara. Anayenunua kinu cha kusagia mahindi kutoka kwa jirani huonyeshwa kwa siku mbili tatu jinsi ya kukiwasha, kukaza ukanda na kunoa mawe, na ujuzi huo huwa umo mlemle ndani ya bei. Katika franchaizi watu ni watatu, na yule anayeuza duka hakuwa na milki ya ujuzi wake hata siku moja. Aliukodi. Kitabu cha maelekezo ya kazi alichopewa huwa ni siri ya mwenye jina, na mikataba mingi humtaka akirudishe siku anapoondoka. Kwa hivyo mnunuzi humlipa muuzaji kwa meza, majiko na wateja, kisha humgeukia mwenye jina na kulipa upya ili aruhusiwe kujua jinsi ya kuvitumia.

Mwalimu mkuu mmoja mstaafu aliyekuwa akitafakari ununuzi wa namna hiyo aliniuliza kwa mshangao: “Mbona nifunzwe biashara ambayo tayari inaendelea?” Alikuwa amesoma katika rasimu ya mkataba kwamba uhawilisho wa duka hautaidhinishwa mpaka yeye na meneja wake wamalize mafunzo na mwenye jina aridhike nao. Nauli, malazi na chakula vilikuwa juu yake. Mshahara wa meneja katika wiki hizo ulikuwa juu yake vilevile, ingawa duka lenyewe lilikuwa bado halijawa lake na senti yoyote ya mauzo haikumwingia. Hakuna hata moja kati ya hayo lililotajwa katika bei aliyokuwa ametangaziwa.

Haki inanitaka niutetee upande wa mwenye jina kwanza. Jina likishakodishwa kwa watu mia moja, uzembe wa mmoja huwachafua tisini na tisa waliobaki. Mteja aliyeugua tumbo mjini Nakuru hatakumbuka jina la mwendeshaji wa duka lile. Atakumbuka jina lililoandikwa juu ya mlango. Aidha, ada ya kuingia iliyogharimia mafunzo ya kwanza ililipwa zamani na mtu mwingine. Mwenye jina akimfunza mnunuzi mpya bila malipo atakuwa anatoa huduma ileile mara mbili kwa ada moja. Ndiyo sababu mikataba mingi huweka ada ya uhawilisho, na mara nyingi gharama za mafunzo huwa zimo ndani ya ada hiyo. Lililo la kuchunguzwa ni pale ambapo ada ya uhawilisho inatozwa, kisha ada ya mafunzo ikatozwa kando, na mnunuzi akakosa kufahamu ile ya kwanza ililipia nini.

Historia ya jambo hili ina mfano ambao wanafunzi wa biashara wangefaa kuujua. Mwaka 1961 Ray Kroc, aliyekuwa akiieneza migahawa ya McDonald's kwa mkataba na ndugu wawili walioianzisha, aliwanunua ndugu hao kwa dola milioni 2.7. Mwaka huohuo kampuni yake ilifungua chuo katika chumba cha chini ya mgahawa mmoja huko Elk Grove Village, karibu na Chicago, nacho kikaitwa Hamburger University. Jina hilo liliwachekesha wengi, na pengine lingali linawachekesha, lakini mantiki yake ilikuwa nzito. Kroc alitambua kwamba mkate na nyama kila mtu anaweza kuvinunua sokoni. Kitu alichokuwa akikiuza ni utaratibu, na utaratibu hauna budi kufundishwa.

Kampuni hiyohiyo inatufaa kwa mfano wa pili. Waendeshaji wengi wapya nchini Marekani huingia McDonald's kwa kununua mgahawa uliokwishakuwapo. Kwa muda mrefu kanuni yake imekuwa kwamba anayenunua mgahawa mpya atangulize asilimia 40 ya gharama kwa fedha zake mwenyewe, na anayenunua uliopo atangulize asilimia 25. Kwa hiyo mlango wa pili ni mpana zaidi. Mafunzo, hata hivyo, hayapunguzwi kwa sababu mtu amepitia mlango huo. Mwanagenzi hujifunza kwa miezi mingi, akianzia jikoni, na katika muda huo wote hapokei mshahara. Mtu akiambiwa kwamba mafunzo hayo hayana karo atafurahi, mpaka atakapopiga hesabu ya kodi ya nyumba, karo ya watoto wake, na mshahara wa kazi aliyoiacha. Mwalimu yeyote aliyewahi kuchukua likizo bila malipo ili aende chuoni anaielewa hesabu hii.

Ipo hesabu nyingine ambayo huwaponyoka hata watu wenye shahada. Mkataba wa franchaizi una muda wake, na anayenunua duka lililopo mara nyingi hununua muda uliosalia tu. Tuchukue mfano wa kubuni. Mafunzo ya mnunuzi na meneja wake, pamoja na nauli na malazi, yanagharimu shilingi 600,000. Mkataba ukiwa ndio kwanza unaanza, na ukiwa wa miaka 10, gharama hiyo ni shilingi 60,000 kwa mwaka. Ukiwa umebakisha miaka 3, gharama ileile inakuwa shilingi 200,000 kwa mwaka. Masomo hayakubadilika, wala mkufunzi hakubadilika, lakini ujuzi umepanda bei zaidi ya mara tatu. Na siku mkataba utakapohuishwa, mwenye jina anaweza kudai mafunzo mapya kwa kuwa mitambo ya kupokelea malipo imebadilishwa au orodha ya vyakula imepanuliwa. Wahenga walisema ujuzi hauzeeki. Hawakuwahi kusoma mikataba hii, ambamo ujuzi huzeeshwa kwa tarehe.

Hapa nataka kusimama kidogo, maana jambo hili linawagusa walimu kwa njia ya pekee. Mwanauchumi Gary Becker, katika kitabu chake *Human Capital* cha mwaka 1964, alitofautisha mafunzo ya jumla na mafunzo mahususi. Ya jumla humfaa mtu popote aendapo, na kwa sababu hiyo ni yeye mwenyewe anayetarajiwa kuyalipia. Mahususi hufaa katika kampuni moja tu, na kwa hivyo kampuni ina sababu ya kubeba sehemu kubwa ya gharama zake. Sasa tuyapime mafunzo ya franchaizi kwa mizani hiyo. Kujua namna kampuni fulani inavyopanga viungo, inavyojaza fomu zake, inavyowasha mitambo yake, ni ujuzi mahususi kabisa. Lakini anayelipa ni mwanagenzi. Isitoshe, mikataba mingi humkataza kufanya biashara inayofanana na hiyo kwa muda fulani baada ya kuondoka. Mwalimu akihitimu chuoni, cheti chake humfuata kutoka Kwale hadi Turkana. Huyu hununua elimu ambayo akivuka kizingiti cha duka anakatazwa kuitumia. Sisemi kwamba mpango huo ni wizi, kwani aliuridhia. Nasema tu kwamba bei ya elimu ya namna hiyo inapaswa kuwa chini sana kuliko ya ile anayoweza kutembea nayo, na sijaona mnunuzi akijadiliana bei kwa msingi huo.

Sheria inamsaidiaje? Marekani, ambako biashara hizi zimeenea mno, ina Kanuni ya Franchaizi iliyoanza kutumika mwaka 1979 na kurekebishwa mwaka 2007. Inamlazimu mwenye jina kumpa mnunuzi hati yenye sehemu 23 angalau siku 14 kabla ya kutia sahihi au kulipa. Sehemu ya 11 ya hati hiyo ina jedwali la mafunzo: somo, saa za darasani, saa za kujifunza kazini, na mahali. Inaeleza pia nani atalipa nauli na malazi. Sehemu ya 17 hueleza masharti ya uhawilisho, na ya 20 huonyesha maduka mangapi yamebadilisha mikono katika miaka mitatu. Laiti kila mnunuzi duniani angewekewa mezani karatasi kama hizo.

Lakini kanuni hiyo ina tundu, nalo limetobolewa hasa mahali alipoketi mtu wetu wa tatu. Mwendeshaji anapomwuzia mtu mwingine duka lake, na mwenye jina asihusike kwa kiasi kikubwa na mnunuzi huyo, kanuni hailazimishi hati itolewe. Kutoa idhini peke yake hakuhesabiwi kuwa ni kuhusika. Mnunuzi akitakiwa kutia sahihi mkataba mpya na mwenye jina, basi huipata. Akirithi tu mkataba wa zamani, huenda asiione hata kurasa moja. Matokeo yake ni kwamba anayeanza duka jipya hupewa jedwali la mafunzo, na anayenunua la zamani huweza kuuziwa mbuzi kwenye gunia, ingawa wote wawili watakaa katika darasa moja. Australia ililiona tatizo linalofanana na hili. Tangu Julai 2021 haki ya kubadili nia, ambayo awali ilikuwa ya anayeingia mkataba mpya, ilipanuliwa imfikie pia anayehawilishiwa, naye ana siku 14.

Afrika Kusini nayo, kupitia Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2008, humpa anayeingia mkataba wa franchaizi siku 10 za kazi za kuuvunja bila adhabu. Kwetu Kenya hakuna sheria mahususi ya franchaizi. Tunayo Sheria ya Uhawilishaji wa Biashara, inayotaka ilani ichapishwe biashara inapobadilisha mikono, lakini hiyo iliwekwa kwa ajili ya wadai. Kuhusu mafunzo haisemi neno. Ni kweli kwamba majina mengi makubwa ya kigeni yaliyoingia nchini, kama KFC iliyofika mwaka 2011, huendeshwa na kampuni moja yenye matawi mengi, na si rahisi mstaafu kununua tawi moja. Yeye atakutana na mpango huu katika majina madogo ya humu nchini, ambayo mikataba yake wakati mwingine ni kurasa nne zilizopigwa chapa haraka, na neno mafunzo likatajwa mara moja, bila siku wala bei.

Wauzaji wana jibu lao la kumtuliza mnunuzi: wafanyakazi wote wamefunzwa, nao watabaki. Jibu hili ni tamu, na ndilo ninalolihofia zaidi. Nchini Uingereza biashara ikiuzwa ikiwa hai, wafanyakazi huhama nayo kwa nguvu ya sheria, wakiwa na mikataba yao na miaka yao ya utumishi. Sheria yetu ya Ajira ya mwaka 2007 haina kifungu kinachowahamisha wafanyakazi moja kwa moja kwa mwajiri mpya. Mara nyingi muuzaji huwaachisha kazi kwa utaratibu wa kifungu cha 40, akawalipa fidia isiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka waliotumika, kisha mnunuzi huwaajiri upya kama wakitaka. Kama wakitaka! Mpishi aliyefunzwa kwa miaka sita, akiwa na fidia yake mfukoni, ana uhuru wote wa kwenda kufanya kazi kwa jirani au kufungua kibanda chake. Duka limeuzwa likiwa na majiko yote, na ujuzi umetoka kwa mlango wa nyuma ukiwa umevaa kofia ya mpishi. Hapo mnunuzi aliyekuwa amepanga bajeti ya mafunzo ya watu wawili hujikuta akifunza kumi.

Mtoza ushuru naye hakusahau jambo hili, japo wanunuzi hulisahau. Mwenye jina akiwa kampuni ya kigeni isiyo na makao hapa, ada ya mafunzo inayolipwa kwake hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 20, isipokuwa kama mkataba wa kodi baina ya nchi hizo mbili umesema vingine. Anayetakiwa kuikata na kuiwasilisha ni mlipaji. Sasa mikataba mingi husema kwamba mwenye jina apokee ada yake kamili bila makato. Ikiwa ada ni dola 10,000, mnunuzi hana budi kuikuza hadi dola 12,500 ili baada ya kukata asilimia 20, yaani dola 2,500, zibaki elfu kumi. Mwalimu wa hisabati anaweza kuwapa wanafunzi wake swali hili, na nina hakika wengi watajibu dola 12,000.

Kuna senti kidogo ambazo zingeweza kurudi. Mwajiri hulipa shilingi 50 kila mwezi kwa kila mfanyakazi kwa ajili ya Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda. Duka lenye watu 12 hulipa shilingi 600 kwa mwezi, yaani 7,200 kwa mwaka. Mwajiri aliyelipa anaweza kuomba arudishiwe sehemu ya gharama za kuwafunza wafanyakazi wake, mradi kozi na mkufunzi viwe vimeidhinishwa mapema. Mafunzo ya mwenye jina hayaidhinishwi kwa sababu tu ni ya lazima katika mkataba wake. Afadhali mnunuzi aulize ofisini kabla ya kusafiri, kwa maana maombi yanayopelekwa baada ya mafunzo kwisha hayana nguvu.

Nikirudi kwa mwalimu mkuu yule, ushauri nilioweza kumpa haukuhitaji sheria mpya, ingawa naamini Bunge lingefanya vyema kuitunga. Nilimwambia amtake mwenye jina aandike katika barua idadi ya siku za mafunzo, mahali, watu wangapi wanafunzwa kwa ada hiyo, na kiasi atakachotozwa meneja wa pili endapo wa kwanza ataacha kazi. Amtake muuzaji kulipa ada ya uhawilisho, kwa kuwa ndiye anayetaka kutoka, na aendelee kuwapo dukani kwa wiki kadhaa baada ya mafunzo ya darasani, akimtambulisha kwa wauza kuku, wauza gesi na maafisa wa afya wa kaunti, mambo ambayo hakuna chuo kinachoyafundisha. Kisha sehemu ya bei, tuseme moja kwa kumi, isiende kwa muuzaji siku ya kutia sahihi. Ikae kwa wakili mpaka mnunuzi apewe cheti chake cha mafunzo, na mpaka mpishi na meneja wa zamani wawe wamemaliza miezi mitatu chini ya mwajiri mpya. Muuzaji anayeamini kweli kwamba watu wake watabaki hatakuwa na sababu kubwa ya kukataa.